Juu ya Kuchanganya Mithali kwa Mzaha

Kila Jumapili ibada ikiisha watu hawatawanyiki mara. Wazee hukaa kivulini, akina mama husimama makundi makundi wakiulizana hali, na vijana huegemea ukuta. Hapo ndipo husemwa maneno mengi yasiyoandikwa katika kitabu chochote, na mengi ya hayo husemwa kwa mithali. Tena wako watu wenye ulimi mwepesi, wapendao kushika kichwa cha mithali moja na kukiunga na mkia wa mithali nyingine, ili wenzao wacheke. Mmoja asema, “Asiyesikia la mkuu hujenga ukuta.” Mwenzake ajibu, “Naam, na kuku mgeni haendi joshi.” Ndipo watu hucheka mpaka machozi yakawatoka.

Mwalimu mmoja alituuliza kama desturi hii ni njema. Yeye aliona ya kuwa mithali ni urithi tulioachiwa na wazee, na ya kuwa anayezikata vipande ili achekeshe watu ni kama mtoto anayekata joho la babu yake apate nguo ya mwanasesere. Hatukumjibu siku ile, kwa sababu swali lake lilitukumbusha jambo tulilolitenda sisi wenyewe zamani, nasi hatulikumbuki kwa furaha. Tutalieleza hapa mbele. Sasa twapenda kumjibu yeye, na wengine wanaouliza kama yeye.

Kwanza na tutazame kicheko hiki chatoka wapi. Mithali ni picha. Mtu asemapo, “Usipoziba ufa utajenga ukuta,” twaiona nyumba ya udongo, twauona ufa mwembamba kama uzi, na mwenye nyumba apitaye kila siku akisema, “Kesho.” Asemapo, “Asiyesikia la mkuu huvunjika guu,” twamwona kijana mkaidi ameketi chini, ameshika mguu wake kwa mikono miwili. Kila picha imetimia yenyewe. Lakini mtu akisema, “Asiyesikia la mkuu hujenga ukuta,” macho ya akili zetu yamekwisha kujiweka tayari kumwona kijana aliyevunjika mguu, kumbe twamwona amesimama mzima, ana mwiko mkononi, anaaka matofali! Mwashi mmoja aliposikia neno hilo alisema, “Kumbe ukaidi wangu ndio ulionipatia kazi.” Kadhalika kuku mgeni twamjua: hakosi kamba mguuni. Na dau la mnyonge twalijua: haliendi joshi, yaani haliwezi kuelekezwa karibu na kule upepo utokako. Lakini kuku aliyepanda chomboni, akashika usukani, akashindwa na upepo, huyo hatujapata kumwona, na kwa hiyo twacheka.

Basi mtu hawezi kucheka asipozijua picha zote mbili. Asiyeijua mithali ya ufa wala mithali ya mguu, kwake neno lile ni neno tu. Hili latupa jibu la kwanza kwa ndugu yetu mwalimu. Mzaha huu hauwezi kuishi mahali ambapo mithali zimekufa. Wachekao kivulini wanaonyesha kwa kicheko chao ya kuwa urithi wao bado uko nyumbani, nao wanajua kila kitu kimewekwa wapi. Hatari iko kwa watoto wasikiao mzaha kabla ya kuisikia mithali yenyewe. Kwa hiyo tumpe mtoto mithali nzima kwanza, na maana yake, ndipo tumpe ile iliyovunjwa. Akicheka, tutajua ya kuwa amesikia zote mbili.

Tena, mara nyingine vipande viwili vikiungwa hutoa neno jipya lenye maana. Mama mmoja alimwona binti yake amemwaga mtungi wa maji, naye binti amesimama akilitazama ziwa lile sakafuni, anasema kwa huzuni kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Mama akamwambia, “Mwanangu, katika nyumba hii maji yakimwagika sharti uiname.” Akampa tambara. Twajua nusu ya pili ilikotoka: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mama yule alichekesha, lakini pia alifundisha. Mithali ya kukata tamaa aliigeuza kuwa mithali ya kazi.

Wala tusisahau ya kuwa mithali zenyewe hushindana. Moja yatuambia, haraka haraka haina baraka. Nyingine yatuambia, ngoja ngoja huumiza matumbo. Wazee hawakuwa wajinga walipotuachia zote mbili. Walijua ya kuwa iko siku ya kungoja na iko siku ya kukimbia, na kazi ya mwenye akili ni kuitambua siku. Mithali haifanani na amri iliyoandikwa juu ya jiwe. Yafanana na ufunguo, na mtu hutafuta mlango wake. Mchekeshaji anayetia ufunguo wa mlango mmoja katika kitasa cha mlango mwingine hutukumbusha jambo hilo, maana wengine wetu tumezoea kusema mithali bila kutazama mlango.

Zaidi ya hayo, lugha yetu ya kila siku imejaa picha zilizochanganyika, nasi hatuzioni tena kwa sababu zimechakaa kama senti iliyopita mikono mingi. Twasema ndoa imefungwa. Lakini ikiharibika hatusemi imefunguliwa, twasema imevunjika, kana kwamba ile kamba tuliyoifunga kanisani ilikuwa chungu. Twasema watu wamekula njama, na baadaye twasema njama zao zimefichuliwa, kana kwamba chakula kilichokwisha kuliwa kingali kimefunikwa mahali. Twapiga simu, kisha twaikata. Mtoto asiyezoea akituuliza kwa nini tunaipiga na kuikata simu isiyokosa lolote, hatutakuwa na jibu. Basi, kama kuchanganya picha ni kosa, hakuna atakayeufungua mdomo wake akabaki hana hatia.

Walimu wa usemaji wa zamani waliliona jambo hili. Quintilian, mwalimu wa Kirumi wa karne ya kwanza, aliyeandika vitabu 12 juu ya malezi ya msemaji, aliwaonya wanafunzi wake kwamba mtu akianza kwa mfano wa aina moja amalize kwa mfano wa aina ile ile. Alisikitika kuona ya kuwa wengi huanza kwa dhoruba na kuishia kwa moto. Naye Sir Boyle Roche, aliyezaliwa mwaka 1736 na kufa mwaka 1807, mjumbe wa baraza la kutunga sheria katika mji wa Dublin, alipata sifa kubwa kwa kosa hilo hilo. Waingereza humsema mtu aliyeshuku hila kwamba amenusa panya. Basi husimuliwa ya kuwa Sir Boyle siku moja aliwaambia wajumbe wenzake kwamba ananusa panya, tena anamwona akielea angani na kulitia jua giza, lakini yeye atamkata angali chipukizi. Panya mmoja alikuwa wingu, kisha akawa mche wa bustani! Watu wamecheka kwa zaidi ya miaka 200.

Lakini kabla hatujamcheka Sir Boyle mno, na tufungue nyaraka za mtume Paulo. Katika waraka kwa Wakolosai, sura ya pili, awaambia wasomaji wake waenende katika Kristo, na katika sentensi ile ile awataka wawe na mizizi, na tena wajengwe. Mwenye kutembea hana mizizi; mti haujengwi; nyumba haitembei. Na katika waraka wa pili kwa Wakorintho, sura ya tano, asema habari za hema na nyumba, na mara aitamani nyumba hiyo aivae kama vazi. Quintilian angalimsahihisha kwa wino mwekundu. Hata hivyo hatujasikia mtu aliyeshindwa kumfahamu Paulo kwa sababu hiyo. Jambo alilotaka kulisema lilikuwa kubwa kuliko picha moja, akashika ya pili, na ya tatu. Kwa hiyo twasema ya kuwa kuchanganya picha peke yake si dhambi wala si upumbavu.

Je, swali la mema na mabaya liko wapi basi? Sisi twaona liko katika kicheko. Kila kicheko kina gharama yake, na yafaa tuulize, ni nani anayeilipa?

Katika nchi yetu tunayo desturi ya utani. Wapare na Wachaga ni watani, na makabila mengine mengi wana watani wao. Mtani aweza kumwambia mtani wake maneno ambayo mtu mwingine akiyasema yataleta ugomvi. Lakini utani una mipaka, na kila aliyelelewa vema aijua. Mtani hutaniwa naye. Hakuna utani wa upande mmoja. Tena mtani ndiye anayekuja kwako siku ya msiba. Kicheko chake siku ya furaha kimelipiwa na miguu yake siku ya huzuni. Twaona ya kuwa sheria hiyo ya wazee yatosha kutupa kipimo. Hebu tueleze mambo mawili tuliyoyaona kwa macho yetu, yote mawili ya mzee aliyechanganya maneno barazani, na yote mawili ya watu waliocheka.

La kwanza lilikuwa shauri la mpaka wa shamba. Ndugu wawili, watoto wa baba mmoja, walikuwa wamegombana juu ya mstari wa masale, kila mmoja akisema mwenzake ameyang'oa usiku na kuyapanda mbele. Maneno yalikuwa makali. Mzee mmoja aliyekuwa akiamua shauri akasimama kwa hasira, akapiga fimbo yake chini, akasema, “Sikilizeni! Moto huu una mizizi mirefu, na tusipoukata utatuzamisha sote!” Pakawa kimya kidogo. Kisha mzee mwenyewe akayasikia maneno yake, akatazama juu, akasema, “Sasa moto gani huu niliouleta?” Akaanza kucheka. Watu wote wakacheka, na wale ndugu wawili wakacheka, kwanza kila mmoja akiuficha uso wake, kisha wakitazamana. Shauri halikuisha kwa kicheko. Lilichukua saa mbili tena, na masale yalipimwa kwa kamba. Lakini tangu hapo walisema kama ndugu. Kicheko kile kililipiwa na mzee mwenyewe, kwa hiari yake, na aliyepokea faida ni kila mtu aliyekuwako.

La pili ni lile tulilosema kwamba hatulikumbuki kwa furaha. Lilitukia miaka mingi iliyopita katika usharika tuliokuwamo. Kulikuwa na sanduku la fedha zilizochangwa kwa ajili ya mabati ya nyumba ya Mungu. Wajane walileta mayai yakauzwa, vijana walibeba mawe ya mtu wakaleta ujira wao. Basi katika mkutano wa baraza la wazee likaletwa ombi dogo: tukope shilingi chache katika sanduku lile kwa ajili ya nauli ya mgeni, nazo zitarudishwa. Wote wakaona ni jambo jepesi. Ndipo akasimama mzee mmoja asiyesema sana, ambaye Kiswahili si lugha ya mama yake, akasema, “Ndugu zangu, haba na haba huisha gogo.”

Ninyi nyote mwajua mithali zile mbili. Haba na haba hujaza kibaba. Na bandu bandu huisha gogo. Mzee alikuwa ameshika kichwa cha hii na mkia wa hii. Watu wakacheka, na sisi, tuliokuwa tukiandika habari za mkutano, ndio tuliocheka kwanza na kwa sauti kubwa kuliko wote. Tukamwuliza, “Mzee, na kibaba umekiacha wapi?” Kicheko kikazidi. Mzee akatazama huku na huku, akatabasamu kidogo kama mtu asiyejua la kufanya na uso wake, akaketi. Shilingi zikakopwa. Toka siku hiyo watu wakamwita Mzee Gogo, hata watoto njiani. Aliendelea kuja mikutanoni, akakaa mahali pake karibu na mlango, lakini hatukumsikia akisema tena.

Baada ya miezi kadhaa mabati yakaonekana ya bei nafuu mjini, sanduku likafunguliwa. Fedha hazikufika nusu. Hakuna aliyeiba, na jambo hili twalisema kwa hakika, kwa kuwa tulitafuta sana. Zilitoka kwa nauli ya mgeni yule, na kwa mafuta ya taa, na kwa sukari ya chai ya wageni wengine, na kwa sanda ya maskini mmoja, na kila mara zilikuwa kidogo, na kila mara sababu ilikuwa njema. Nyingine ziliandikwa katika vipande vya karatasi, nyingine hazikuandikwa. Watu wakaanza kuulizana ni nani aliyepaswa kuonya. Tukafungua kitabu cha mikutano, tukakisoma toka mwanzo. Tukakuta maneno haya, kwa mwandiko wetu wenyewe: “Mzee mmoja alisema mithali, watu wakacheka.” Hatukuandika hata mithali yenyewe.

Ndipo tukaona alivyokuwa amesema. Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo. Kwa haba na haba sanduku lile lilijaa, yai kwa yai, senti kwa senti. Na kwa haba na haba hiyo hiyo likaisha. Kidogo kijazacho ndicho kidogo kimalizacho. Wazee wa pwani walisema neno hilo kwa mithali mbili. Mzee wetu alilisema kwa mithali moja, yenye maneno manne na kiungo kimoja, na lilikuwa neno tulilolihitaji siku ile kuliko neno lingine lolote.

Tukaenda nyumbani kwake. Tulimkuta akipukuchua mahindi. Tukamwamkia, “Shikamoo, baba.” Akaitika, “Marahaba, mwanangu, karibu ukae.” Tukakaa, tukapukuchua pamoja naye kwa muda, maana tulikuwa hatujui tuanzeje. Mwisho tukamwomba radhi, kisha tukamwuliza kama siku ile ulimi wake uliteleza, au alikusudia kusema vile alivyosema. Akaendelea na gunzi lililokuwa mkononi mwake hata likaisha. Kisha akasema, “Mwanangu, siku ile mngeniuliza.” Hakutuambia zaidi. Hata leo hatujui, naye amekwisha kulala.

Ndugu wasomaji, twaomba mlifikiri neno lile. Sisi tulitaka kujua kama mzee alikosea, kana kwamba hilo ndilo jambo kubwa. Yeye alituonyesha ya kuwa lilikuwako swali lingine, nalo lilikuwa na saa yake, na saa ile ilikuwa imekwisha kupita. Kama tungaliuliza, “Baba, wasema gogo gani?” angalijibu, na huenda mabati yangalinunuliwa. Kicheko chetu kilichukua nafasi ya swali. Hii ndiyo gharama, nayo ililipwa na mzee aliyenyamaza, na wajane walioleta mayai.

Hapo twapenda kuongeza neno juu ya lugha. Kiswahili ni lugha yetu sote sasa, lakini mithali zake nyingi zilizaliwa ufukweni. William Ernest Taylor, mmisionari aliyekaa Mombasa, alizikusanya nyingi akazichapisha London mwaka 1891. Ndani yake mwapuma upepo wa bahari. Mtu wa pwani akisema dau haliendi joshi, anasema jambo aliloliona tangu utoto wake. Akisema kibaba, amekishika mkononi, ajua ya kuwa vibaba vinne ni pishi moja. Lakini mtu aliyelelewa mlimani, asiyejua dau wala joshi, amezipokea mithali hizi kama mtu apokeaye vyombo vya mgeni: vyote ni vizuri, lakini hajui kifuniko hiki ni cha chungu gani. Akivichanganya si kwa ujinga. Katika lugha ya mama yake anazo mithali nyingi ambazo sisi tungezichanganya vibaya kuliko yeye, naye hatatucheka. Kumcheka mtu huyo ni kumcheka mgeni kwa kuwa hajui njia za nyumba yako.

Martin Luther, ambaye kanisa letu lajulikana kwa jina lake, alitupa mfano mwema. Katika barua aliyoiandika mwaka 1530 juu ya kazi ya kutafsiri, alisema ya kuwa apendaye kujua lugha amwendee mama nyumbani, na watoto njiani, na mtu wa kawaida sokoni, atazame vinywa vyao wanavyosema. Tena yeye mwenyewe aliandika kwa mkono wake mkusanyo wa mithali 489 za Kijerumani. Mtu huyu alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, hata hivyo aliwatega sikio watu wa sokoni ili ajifunze. Sisi tulikuwa na mzee mmoja tu karibu na mlango, na hatukumtega sikio.

Iko hatari nyingine, nayo ni kinyume cha ile. Kama kicheko chaweza kulifunika neno la mnyonge, chaweza pia kumfunika mwenye hila. Tumewaona watu ambao wakiulizwa jambo lililo wazi hujibu kwa mithali tatu zilizofungwa pamoja. Aulizwa, “Ile fedha uliyokabidhiwa iko wapi?” Ajibu, “Ndugu zangu, mvumilivu hujikwaa kamba mguuni, na penye wengi hapazoleki!” Watu wacheka, mkutano wafungwa, na fedha haijulikani ilipo. Mtu huyo ni hodari wa maneno, hakukosea hata kidogo. Alichanganya kwa makusudi kama ngisi atoaye wino. Angalieni ajabu yake: tulimnyamazisha kwa kicheko mzee aliyesema kweli, na kwa kicheko twamruhusu huyu anyamaze. Mara zote mbili tulishibishwa na kicheko, tukasahau tulilokuwa tukilitafuta.

Walimu na wainjilisti wajihadhari nafsi zao hapa. Mfano wa kuchekesha ni mzuri katika mahubiri. Huwaamsha waliolala, hasa mvua ikinyesha. Lakini mtu akiulizwa jioni, “Mwalimu alifundisha nini leo?” naye akajibu, “Sijui, lakini tulicheka sana,” basi mwalimu amewapa watu ganda, tunda akabaki nalo yeye.

Kwa hiyo twamjibu ndugu yetu hivi. Changanyeni mithali, msiogope. Chekeni mbele ya kanisa kivulini, maana kicheko chema ni kipawa. Lakini tushike mambo matatu. La kwanza, tumchekeshe yule anayeweza kutuchekesha naye, na kicheko kianzie kwetu wenyewe, kama mzee wa moto wenye mizizi. La pili, mtu akichanganya bila kukusudia, na hasa akiwa mnyonge au mgeni wa lugha, tumwulize maana yake kabla meno yetu hayajaonekana. Kuuliza si ujinga. La tatu, mtu akitupa picha mahali tulipomwomba hesabu, tucheke kama inachekesha, kisha tumwombe hesabu mara ya pili.

Nasi tumejifunza kwa kuchelewa. Katika usharika ule mabati yalinunuliwa baadaye, baada ya watu kuchanga tena toka mwanzo. Siku ile sanduku lilipofunguliwa upya, mtu mmoja alichukua chaki akaandika juu ya kifuniko chake: HABA NA HABA HUISHA GOGO. Wageni waliosoma walidhani mwandishi hajui mithali, wengine wakacheka. Hakuna aliyewasahihisha. Walioliuliza maana yake waliambiwa.